Mpira wa kinga kwenye boti ya pontuni: dalili, chanzo na dawa yake

Mpira wa kinga, yaani ule ukanda wa mpira au wa vinili (plastiki laini) unaozungushwa ukingoni mwa boti upokee pigo la gati, ukikatika mwaka wa kwanza, mwenye boti hurudi dukani kutafuta mnene zaidi. Naliona hilo kila barafu inapoyeyuka na boti kushushwa majini, na mara nyingi ule mnene nao hukatikia pale pale ulipokatikia wa kwanza. Mpira haulimalizi pigo la gati. Unalipunguza ukali tu, kisha unalikabidhi kwa kilicho nyuma yake: skrubu, ukanda wa alumini, plaiwudi ya sakafu. Ndiyo maana nikiletewa boti yenye mpira ulioharibika, macho yangu huanzia nyuma ya mpira.

Nazungumzia pontuni kama zilivyo hapa Minnesota, Marekani: sakafu bapa ya plaiwudi iliyokalia mapipa mawili au matatu ya alumini, na uzio wa alumini kuzunguka viti. Ambrose Weeres, mkulima wa mji mdogo wa Richmond katika jimbo hili, alianza kuziunda mwanzoni mwa miaka ya 1950, na za kwanza zilielea juu ya mapipa ya chuma yaliyochomelewa. Leo ni shida kupata ziwa la mapumziko lisilo nazo, na ndugu zetu wa Afrika Mashariki waliokaa huku nao wananunua zilizotumika. Hizo zilizotumika ndizo zenye haja kubwa ya mpira, maana ule ukanda mwembamba wa alumini uliotoka nao kiwandani, unaofunika ukingo wa sakafu, huwa umeshapondeka na kuchubuka.

Shika timazi kabla ya kushika bisibisi

Ikalishe boti sawasawa kwenye trela. Ning'iniza timazi kutoka ukingo wa nje wa chuma cha juu cha uzio, uzi ushuke mbele ya mpira. Mpira ukiusukuma uzi nje, vizuri: gati litakutana na mpira kwanza. Uzi ukishuka bila kuugusa mpira, basi uzio ndio uliotokeza, na mpira wako ni pambo. Rudia kila baada ya mita moja, kwa sababu bati la uzio hufutuka katikati ya nguzo zake hata kama kwenye nguzo zenyewe liko wima.

Kipimo cha pili ni kimo. Pima kutoka usawa wa maji hadi katikati ya mpira boti ikiwa tupu, kisha ikiwa na watu unaowabeba kwa kawaida. Wengi hawafikirii kwamba hivi ni vimo viwili tofauti. Pontuni ya mita 6.7 yenye mapipa mawili ya kipenyo cha sentimita 63 huzama karibu sentimita moja kwa kila mtu mzima anayepanda. Wakipanda watu kumi, mpira umeshuka sentimita kumi, na huenda umekwisha kupita chini ya ubao wa gati uliokusudiwa kuugusa.

Kisha paka chaki ya rangi kwenye gati, sehemu zote ambazo boti inaweza kugusa, na uilete polepole. Chaki itakuonyesha boti inagusa wapi hasa. Nimewahi kufika kwa mteja aliyekuwa na hakika kwamba mpira wake ndio unaogonga, tukakuta chaki yote imebaki kwenye bati la uzio na kwenye bawaba za mlango.

Mpira umeng'oka kuanzia juu, umepinduka kuelekea chini

Dalili hii ina chanzo kimoja karibu kila mara: mpira unaingia chini ya ubao wa gati, wimbi linaiinua boti, na nguvu yote ya kuinuka inaangukia mdomo wa juu wa mpira. Hapa magati mengi ya watu binafsi yanasimama kwa miguu juu ya kitako cha ziwa. Hayaelei, kwa hiyo maji yanapopungua kiangazi boti inashuka na gati linabaki lilipo. Ongeza mawimbi ya boti za kuteleza, zinazoundwa makusudi zipige wimbi kubwa, utaelewa kwa nini skrubu nzuri kabisa inachomoka.

Hapa skrubu kubwa zaidi haisaidii. Itang'oa kipande kikubwa zaidi cha plaiwudi, basi. Dawa iko kwenye gati: funga nguzo za wima zenye mpira au plastiki ngumu, zishuke chini ya kimo cha mpira wa boti kwa angalau sentimita 30 na zipande juu kiasi hicho hicho. Boti ikipanda na kushuka, iwe inateleza kwenye nguzo, isiwe na ukingo wa kuingia chini yake. Gati likiwa si lako, tumia fenda, ile mito ya hewa inayoning'inizwa ubavuni, na uzifunge kwenye nguzo za uzio karibu na sakafu. Usizifunge kwenye chuma cha juu, kwa maana kitapinda.

Mpira ukiwa umeng'oka kutoka chini kwenda juu, kisa ni hicho hicho upande wa pili: boti imeshuka na wimbi, mpira ukakalia ukingo wa gati. Dawa haibadiliki.

Skrubu inazunguka bila kushika

Hapa ndipo kazi ilipo. Zungusha skrubu kwa bisibisi ya mkono, usitumie drili, kwa sababu mkono unahisi kile drili inachokificha. Ikizunguka bure toka mwanzo, toa tatu au nne zilizofuatana uangalie kilichotoka nazo.

Kama zimetoka na unga mkavu wa mbao wenye rangi safi, plaiwudi ni nzima ila tundu limepanuka. Labda aliyefunga alitoboa tundu kubwa mno, labda alikaza kwa drili hadi nyuzi za mbao zikakatika. Hili ni jepesi. Panua tundu hadi milimita 10 au 12, vuta vumbi lote, pakaza ndani epoksi nyepesi ili mbao inywe, kisha jaza epoksi iliyochanganywa na unga wa kuifanya nzito. Ikishakauka, toboa upya tundu dogo katikati. Skrubu sasa inashika epoksi, na epoksi imeshika mbao, na maji hayana njia ya kuingia tena kwenye plaiwudi kupitia hapo.

Kama zimetoka na ujiuji mweusi, au skrubu yenyewe ina unyevu, sakafu inaoza. Chukua bisibisi bapa uidunge kutoka chini ya ukingo, sentimita tano tano, uweke alama panapodidimia. Gonga pia kwa mpini: mbao nzima hujibu kwa mlio mkavu, iliyooza hunyamaza. Nakusihi usifunge mpira mpya juu ya ukingo uliooza. Utashika wiki mbili, na kwa wiki hizo utakuwa umeziba njia ambayo maji yalitumia kutoka. Uozo ukiwa kipande cha urefu wa mkono, kinaweza kukatwa na kubadilishwa. Ukikuta alama zimefuatana ubavu mzima, tatizo si la mpira tena. Sakafu inahitaji kuvuliwa, na nguzo za uzio na viti vyote vilivyofungwa juu yake vinahitaji kuangaliwa, kwa kuwa watu wanaviegemea.

Kama hakuna mbao kabisa iliyotoka, bali vipande vyembamba vinavyong'aa, skrubu ilikuwa imeshika ukanda wa alumini peke yake. Ukanda huo ni mwembamba. Skrubu inapata uzi mmoja au miwili tu ya kushikia, na pigo la kwanza linaufuta. Hapo afadhali ribiti. Tumia ya alumini ya milimita 4.8, yenye msumari wa alumini, kichwa kipana, na urefu unaolingana na unene wa vitu vinavyobanwa pamoja. Ribiti fupi mno haifungui mguu wake nyuma. Ndefu mno inajikunja bila kubana. Palipo na nafasi ya kuingiza mkono kwa chini, nati na bolti yenye washa pana ni bora kuliko vyote.

Umbali kati ya skrubu nao una kesi. Mpira uliofungwa kila sentimita 40 hufanya kazi ya wenzo: ukipigwa katikati, unachomoa skrubu za pembeni. Mimi hufunga kila sentimita 15 hadi 20 pande zilizonyooka, na 8 hadi 10 kukaribia kona.

Unga mweupe kuzunguka vichwa vya skrubu

Futa unga, tazama chini yake. Ukikuta alumini ina vishimo na rangi imefutuka kama malengelenge, alumini inaliwa. Stenlesi na alumini zikigusana mahali penye maji, ya pili ndiyo inayotolewa kafara: umeme mdogo unapita kati yao na alumini inayeyuka kidogo kidogo. Skrubu ya stenlesi ni ndogo na ubavu wa alumini ni mpana, kwa hiyo katika maji baridi ya ziwa uharibifu huwa wa polepole. Katika maji ya chumvi hauna subira. Mimi ni mtoto wa Mtwapa, pwani ya Kenya, na nilijifunza kazi hii kwenye mkono wa bahari kabla sijaona ziwa lililoganda. Kule ungeliona shimo katika msimu mmoja. Kama boti yako inaingia baharini, tumia stenlesi ya daraja la 316 badala ya 304, na usiache skrubu hata moja bila kinga.

Kinga yenyewe ni rahisi. Paka uzi wa skrubu na chini ya kichwa chake grisi nzito ya kutenganisha metali, ile inayouzwa kwa ajili ya milingoti na boti. Weka washa ya nailoni. Nyuma ya mpira, kila tundu lizungushiwe utepe wa butili, ambao unabaki laini kwa miaka na kuifuata skrubu inapotikisika. Skrubu za chuma kilichopakwa zinki ziache kabisa. Zinki ikiisha, kutu inashuka ubavuni kama machozi ya rangi ya chungwa, na kichwa kinakatika siku unapotaka kuitoa.

Kuna chanzo cha pili ambacho watu hawakijui, na kinaumiza zaidi. Mwenye boti wa kabla yako akibadilisha sakafu kwa plaiwudi ya kawaida ya ujenzi iliyotiwa dawa ya kuzuia mchwa na kuvu, dawa hiyo mara nyingi ina shaba. Plaiwudi ikilowa, shaba inatoka na kukutana na alumini, na shaba ni adui mkubwa wa alumini kuliko hata stenlesi. Unga mweupe hautakuwa kwenye skrubu pekee: utauona mahali pote ukanda wa ukingo unapogusa mbao, na hata juu ya vyuma vinavyobeba sakafu. Mbao yenye rangi ya kijani hafifu ndani inatosha kukushtua. Hapo kubadilisha skrubu ni kupoteza fedha. Kabla ya kufunga mpira wowote, tenganisha mbao na alumini, au weka plaiwudi ya boti yenye dawa iliyothibitishwa kwa matumizi na alumini.

Unavimba jua likiwaka, unaacha mwanya baridi ikija

Vinili hurefuka kwa joto angalau mara tatu ya alumini. Kwenye ubavu wa mita 6.7, joto likipanda kwa nyuzi 30 za Selsiasi, alumini inaongezeka karibu milimita 5. Vinili inaongezeka milimita 14 au zaidi, na zile tisa za tofauti lazima ziende mahali. Kama skrubu zimebanwa kikikiki, mpira unavimba kati yake kama mawimbi. Mpira mweusi unaoota jua la Julai hupata joto kuliko hewa yenyewe, kwa hiyo nyuzi 30 ni hesabu ya upole.

Mwanya wa majira ya baridi una chanzo cha aina hiyo hiyo, lakini huwa na kosa la fundi juu yake. Mpira ulivutwa wakati wa kufungwa. Mtu anaupasha moto ulegee, anauvuta uonekane umenyooka vizuri, anakaza. Ukipoa unataka kurudi ulivyokuwa, na unarudi kwa kuacha pengo mwishoni. Kuupasha joto si vibaya. Nautumbukiza kwenye maji moto mimi mwenyewe, hasa kona. Kuuvuta ndiko kubaya. Ulaze, usukume kwa viganja kuelekea ulipoanzia, na ukate mwisho ukiwa mrefu kidogo kuliko unavyohitaji. Uache usiku mzima kabla ya kukata mara ya mwisho.

Kwa mpira uliokwisha kuvimba, fungua skrubu zote isipokuwa ya katikati ya ubavu. Geuza tundu za mpira ziwe ndefu kwa mlalo, milimita 3 upande wa katikati ukiongeza hadi 8 mwishoni, kisha kaza hadi kichwa kiguse na uishie hapo. Kama mpira wako ni wa aina ya mfereji wa nje wenye kijazio kinachosukumiwa ndani, kijazio hicho kisibanwe na skrubu hata moja isipokuwa kwenye ncha, kwa kofia zake. Kikikataa kuingia, maji ya sabuni yatakusaidia.

Mtego mwingine wa huku: mwezi wa kumi boti inapofunikwa kwa plastiki inayobanwa kwa moto, mwenye mashine hupitisha moto chini ya ukingo ili plastiki ikaze pale. Ukingo huo ndipo mpira ulipo. Ukikuta majira ya kuchipua mpira umelegea upande mmoja, unang'aa isivyo kawaida, na umbo lake limelala, si baridi iliyoufanya hivyo. Mwambie anayefunika aweke kamba ya plastiki chini ya mpira na kusimamisha moto hapo.

Barafu nayo hufanya yake. Mfereji uliofungwa pande zote, wenye maji ndani, utapasuka, kwa kuwa maji yakiganda yanaongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9. Toboa tundu la milimita 5 upande wa chini kila baada ya mita moja ili maji yatoke.

Kona zimepasuka au zimekunjana

Kona za mbele za pontuni nyingi zina mzingo mfupi, na mpira uliotengenezwa kwa boti yenye ubavu wa mzingo mrefu haukubali. Ukikunjana upande wa ndani, kata kabari ndogo mbili au tatu nyuma, upande usioonekana, zisifike uso wa mbele. Ukipasuka upande wa nje, umekwisha. Kata kipande hicho na uweke kinga ya kona iliyofinyangwa tayari, mpira wa pande zote uishie chini yake. Nazipenda kinga hizo kuliko kupinda, na nazishauri hata kwa mtu ambaye mpira wake bado ni mzima, kwa sababu kona ndiyo inayopigwa wakati upepo unapoikamata boti mlangoni mwa gati. Kona ifungwe kwa bolti.

Maungio yasiwe mbele wala ubavuni. Yapeleke nyuma, karibu na injini.

Ukanda wa gundi umebanduka

Tazama gundi imebaki wapi. Ikibaki kwenye mpira na alumini iko safi, uso wa alumini haukuandaliwa: ulikuwa na nta, mafuta, au ule utando wa kijivu wa alumini iliyozeeka. Ikibaki kwenye alumini na mpira uko mtupu, mpira wenyewe unatoa mafuta yake ya ulaini na kuisukuma gundi. Hii ya pili haina dawa ya kudumu kwa gundi. Funga kwa skrubu au ribiti.

Kwa ile ya kwanza, sugua alumini kwa sponji ngumu ya kusugulia isiyo ya chuma, osha, kausha, kisha futa kwa pombe ya isopropili na kitambaa kipya. Usifute vinili kwa asetoni, itaulainisha uso wake. Usioshe kwa sabuni ya vyombo kama hatua ya mwisho, kwa sababu inaacha utando. Na kama mtu amewahi kupaka silikoni pale, jiandae kusugua mara mbili, kwani gundi nyingine haishiki juu ya mabaki yake.

Utepe mzito wa pande mbili unataka joto la nyuzi 21 au zaidi wakati wa kubandikwa, na unakandamizwa kwa nguvu urefu wote. Hufikia nguvu yake kamili baada ya saa 72 hivi. Boti iliyobandikwa Jumamosi asubuhi na kupelekwa gatini Jumamosi mchana imebanduliwa na mwenyewe.

Weusi kwenye gati, kwenye mapipa, kwenye nguo

Mpira wa EPDM (aina ya mpira wa kutengenezwa kiwandani) na mpira uliotengenezwa kwa tairi kuukuu huacha weusi zaidi ya vinili. Kule nyumbani tulining'iniza nusu ya tairi ubavuni mwa mashua na hakuna aliyejali, kwa kuwa mbao na lami vinavumilia. Kwenye alumini iliyopakwa rangi nyeupe weusi huo unaonekana kama jeraha. Mpira ukinata ukiugusa, umeanza kuharibika kwa jua au kwa petroli iliyomwagika, na haurudi. Badilisha kipande hicho. Ukiwa mkavu na unaacha weusi kidogo, osha kwa sabuni laini na upake kinga ya jua ya vinili isiyo na mafuta ya petroli.

Taa ya mbele imezima baada ya kufunga mpira

Umetoboa waya. Kwenye pontuni nyingi waya za taa za kijani na nyekundu, spika na pampu hupita chini ya sakafu karibu na ukingo, wakati mwingine ndani ya ukanda wenyewe wa alumini. Lilinitokea kwenye boti ya mteja mwaka wangu wa kwanza: fyuzi ilikatika, nikaibadilisha, ikakatika tena, nikachukua siku nzima kuipata skrubu yenyewe. Nililipa gharama ile kwa haki. Tangu hapo nalala chini ya boti na tochi kabla ya kutoboa, naweka utepe wa rangi juu ya kila sehemu yenye waya au bomba la mafuta, na navalisha biti ya drili kipande cha mpira kama kizuizi ili isiingie zaidi ya sentimita mbili.

Kama limeshatokea, zima swichi kuu ya betri kwanza. Toa skrubu moja moja kuanzia karibu na taa iliyozima. Waya uliojeruhiwa ukatwe na kuungwa kwa kiungio chenye gundi ndani kinachobanwa kwa joto. Utepe wa umeme pekee hautafika msimu wa pili mahali penye maji.

Kifuniko hakifiki, au boti imekuwa pana barabarani

Vifungo vya kifuniko cha boti mara nyingi vimekaa kwenye ukanda ule ule unaotaka kuufunika. Ukivificha, utahitaji kuvihamisha. Ukiweka mpira juu yake, kifuniko kinakosa sentimita chache na kuchanika kwenye kona upepo ukivuma. Vaa kifuniko kwanza, weka alama ya ukingo wake, halafu amua mpira ukae wapi.

Upana ni jambo la sheria. Pontuni nyingi zina upana wa futi 8 na nusu, yaani mita 2.59, kwa sababu ndio upana ambao majimbo mengi ya Marekani yanaruhusu trela lipite bila kibali. Mpira wa sentimita 4 kila upande unakupitisha mpaka huo. Pima kutoka ncha hadi ncha kabla ya kununua, na pima pia kati ya nguzo za lifti ya boti, ule mtambo wa kuiinua kutoka majini, kama unatumia moja. Kuna boti niliyoikuta imekwama kwenye lifti kwa mpira, na mwenye nayo alidhani injini ya lifti imekufa.

Biti imegusa pipa

Mapipa huwa ndani zaidi ya ukingo wa sakafu, kwa hiyo anayetoboa kwa mlalo hawezi kuyafikia kirahisi. Anayetoboa kwa kuelekeza chini anaweza, na mabati yake mengi yana unene wa milimita 2 hadi 2.5 tu. Usizibe kwa silikoni ukaenda ziwani. Mapipa ya kisasa yamegawanywa vyumba kwa ndani, kwa hiyo tundu moja halitaizamisha boti siku hiyo, na ndipo hatari ilipo: chumba kimoja kinajaa polepole, boti inaegemea upande, na unalitambua ukiwa mbali na watoto ndani.

Itoe majini. Legeza kizibo cha chumba hicho, kama kipo, maji yatoke na kikauke. Mpelekee mchomeleaji anayejua alumini kwa gesi ya agoni, na umwambie waziwazi kama uliwahi kuweka gundi pale, maana gundi huchafua mshono na inabidi isagwe yote kabla hajaanza. Baada ya kuchomelewa, jaza hewa kidogo sana ndani ya chumba, psi (pauni kwa kila inchi ya mraba) 2 hadi 3 na isizidi hapo, kwa sababu kompresa ya gereji inaweza kulifutua pipa kwa sekunde chache. Paka maji ya sabuni kwenye mshono na kwenye kila mshono wa karibu. Povu likichemka popote, boti haishuki majini siku hiyo.